Kuku wa Wodi ya Nyuma

Wahudumu wapya wa wodi wameniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Niliwaambia nimeishia darasa la saba na naandika polepole, herufi moja inakaa kumsubiri mwenzake. Wakasema hawana haraka. Nililiamini hilo mara moja, maana nimewaona wakideki.

Habari za vyeo sitaandika. Niliingia nikiwa mhudumu wa wodi, nimetoka nikiwa mhudumu wa wodi, na hapo hadithi ya vyeo imekwisha. Ya mshahara ni fupi zaidi.

Hospitali yenyewe siitaji. Ipo mkoani Singida, na anayeijua anaijua. Wodi yetu ya wagonjwa wa akili ilikuwa nyuma ya kila kitu: unapita jiko, unapita nyumba ya kufulia, unapita shimo la kuchomea taka, ndipo unatukuta. Kwenye kibao cha getini waliandika idara zote isipokuwa sisi. Watu walituita Wodi ya Nyuma. Ndugu wanaoleta mgonjwa walikuwa wanauliza njia kwa kunong'ona. Wanaotakiwa kuja kumchukua hawakuwa wanauliza kabisa.

Nilifika nikiwa kijana wa miaka kumi na tisa kutoka upande wa Ikungi, mwenye aibu ya kupindukia. Nilikuwa nikizungumza na mtu naangalia vifungo vya shati lake. Mjomba aliyenitafutia kazi aliniambia, "Nenda kwa wale, hakuna atakayekulazimisha kuongea." Mjomba hakuwahi kuingia humo. Hakuna mahali nimeulizwa maswali mengi kama wodini: jina langu, ukoo wangu, kwa nini mvua imechelewa na kama ni mimi niliyeichelewesha.

Watu wanapenda ile hadithi ya mgeni anayemkuta mgonjwa akadhani ni daktari. Mimi haikunitokea. Wagonjwa wetu walivaa sare ya bluu iliyopauka na walitembea peku. Madaktari walikuwa na viatu. Tofauti nyingine zilinichukua miaka kuziona, na baadhi sijaziona mpaka leo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Nkuwi, mhudumu wa zamani aliyekuwa anakaribia kustaafu. Siku ya kwanza alinipa funguo, na nilipozitikisa alininyang'anya. "Funguo hazipigi kelele," alisema. "Mtu uliyemfungia anazisikia ukiwa bado jikoni, na akizisikia anakumbuka kwamba amefungiwa." Alizifunga kitambaa cha shuka kuukuu, kila moja na kitambaa chake, kama watoto wachanga. Funguo hizo nimezikabidhi juzi na vitambaa vyake.

Alinifundisha na dawa. Vitabu vinasema mgonjwa afungue mdomo, ainue ulimi, umwangalie. Mzee Nkuwi alikuwa anampa mtu kidonge na maji, kisha anamwuliza habari za kwao. "Hakuna binadamu anayeweza kusimulia habari za kwao na kidonge chini ya ulimi," aliniambia. Na la tatu alinifundisha salamu. Mgonjwa mtu mzima hata kama anagombana na ukuta, mwamkie shikamoo. Ataacha ukuta, atakuitikia marahaba, halafu ndipo umwambie twende ukaoge. Nimeitumia shikamoo pale ambapo wengine walitumia kamba, na nadhani nimefanikiwa mara nyingi zaidi yao.

Jioni ya siku hiyo alinipitisha kwenye vitanda. Alipofika vile vya dirishani alisema, "Hawa si wagonjwa. Ni wakazi."

Nikauliza wanaumwa nini.

"Waliumwa," alisema. "Ugonjwa huchukua miezi. Kinachochukua miaka ni ndugu."

Mkazi wa kwanza kumfahamu alikuwa Mzee Jumatatu. Polisi walimleta siku ya Jumatatu, hana jina, hana kwao, na karani aliandika alichokuwa nacho. Alikuwa mtulivu kiasi kwamba wageni walimwachia mizigo yao amlindie. Alipofariki tulimzika sisi wa wodi, na siku tatu baadaye ofisi kuu ilileta barua kutaka kujua kwa nini Mzee Jumatatu hajaruhusiwa. Barua ilikuwa na mhuri mzuri.

Lakini ninayetaka kumwandika ni Hamisi Msengi, kwa sababu kuhusu Hamisi mimi nina hatia, na ninyi mnaoanza kazi mnaweza kuipata hatia ileile bila kujua.

Hamisi aliletwa mimi nikiwa nimeshazoea kazi, na Mzee Nkuwi ameshaondoka. Alikuwa mpishi wa hoteli ya barabarani huko kwao Iguguno. Ugonjwa ulimshika akakosa usingizi siku nyingi, akaenda mpaka Shelui, akasimama barabarani kukagua malori yaendayo Nzega. Madereva kadhaa walimwonyesha leseni kwa heshima zote. Kaka yake, Shabani, alimfuata, akamleta kwetu, akaweka sahihi. Kanuni ya wodi ilikuwa moja: aliyemleta mgonjwa ndiye anayemchukua. Ilikuwa kanuni nzuri, iliyotungwa na mtu asiye na kaka.

Kufikia mwezi wa tatu Hamisi alikuwa amepona. Analala, anakula, anacheka panapochekesha. Sista Veronika, msimamizi wa wodi, akaandika barua Iguguno kwamba ndugu aje amchukue. Shabani hakuchelewa. Alikuja na tenga, na ndani ya tenga mitetea miwili ya kienyeji, minene, kuku wa kule kwetu ambao watu wa mijini wanawaagiza.

"Shikamoo sista," alisema, ingawa hawakupishana sana umri.

"Marahaba. Ndugu yako anaendelea vizuri. Tena vizuri sana."

"Nimemwona, nashukuru. Hawa nimewaletea ninyi. Kazi mnayofanya ni kubwa." Akaweka tenga mezani, juu ya mafaili. "Ila mimi ni ndugu yake, namjua tangu mdogo. Mimi naona bado anahitaji uangalizi."

Sista aliwatazama kuku. Kuku nao walimtazama sista. Nilikuwa mlangoni na ndoo yangu, nikaangalia vifungo.

"Uangalizi kidogo," alisema sista.

"Kidogo tu," alisema Shabani.

Wale kuku walipikwa siku hiyohiyo. Na mpishi tuliyekuwa naye ni mmoja. Tulimwita Hamisi, tukampa maji ya moto, sufuria na kisu cha jikoni. Alichinja mwenyewe ili Mwislamu na Mkristo wote wale, akanyonyoa, akakaanga, akaunga, na harufu ikafika mpaka wodi ya wazazi. Sisi tulikaa tukagawana kwa utaratibu. Mapaja ya daktari. Firigisi ya Sista Veronika, ambaye alisema kwenye wodi hii mwanaume ni yeye. Kidari na mabawa ya wauguzi wa zamu. Shingo yangu. Hamisi alipewa mchuzi, kwa kuwa ugali wa wagonjwa ulikuwa na maharage yake.

Someni hapo tena. Siku ya kuku Hamisi alikuwa mzima wa kutosha kushika kisu katikati yetu. Siku ya raundi alikuwa mgonjwa asiyeweza kwenda nyumbani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona ajabu, na wenye elimu tulikuwa nao wanne.

Mwaka uliofuata Shabani alirudi baada ya mavuno ya alizeti. Mitetea miwili. Mwaka mwingine, tena. Sentensi yake haikubadilika, na jibu letu halikubadilika. Ilifika mahali wauguzi wakawa wanauliza, "Hivi kaka yake Hamisi haji mwaka huu?" kwa sauti ya mtu anayeulizia mvua. Sista Veronika hakuwa mtu mbaya. Niliwahi kumwona akimwogesha mgonjwa kwa sabuni aliyoinunua mwenyewe, akimwimbia. Alipenda wagonjwa, na alipenda firigisi, na hakuwahi kuvikutanisha vitu hivyo viwili kichwani. Daktari alikuwa anaamini anachoandikiwa na sista. Mimi nilijua kila kitu na nilikuwa na shingo mdomoni.

Mwaka wa tisa au wa kumi nilikuwa nimekaa na Hamisi nyuma ya jiko, namshikia beseni. Alimnyanyua kuku aliyenyonyolewa, akamgeuza.

"Wa mwaka huu amekonda," alisema. "Kaka anachoka."

"Anachoka nini?"

"Kuwaomba. Kila mwaka anawaomba kitu kimoja, na ninyi hamjawahi kumnyima."

Nikamwuliza, "Sasa kama unajua, kwa nini unawapika?"

"Elia," alisema, "nisipowapika mtawaunguza. Kuku wamekosa nini?"

Akaendelea kunyonyoa. Kisha akaniambia jambo ambalo halikuwa kwenye faili. Baba yao alimwachia kiwanja kando ya barabara, na kwenye kiwanja hicho Shabani alikuwa ameshasimika mashine ya kukamua alizeti. Hamisi alilisikia kwa dereva aliyelazwa kwetu wiki mbili. "Sitaki mashine," alisema. "Nataka sehemu ya kuweka meko yangu matatu, watu wapite, wale. Kila siku napika kichwani. Nimeshamaliza chakula chote, sasa nakosa walaji."

Ningeweza kwenda kwa daktari siku hiyo. Nawaeleza kwa nini sikwenda. Mhudumu kwenye raundi ni kama stuli: yupo, anasogezwa, haulizwi. Na mimi nilikuwa stuli yenye aibu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nyingine ni kwamba jioni ile nilikula shingo yangu kama kawaida, na ilikuwa tamu.

Miaka ikapita akaja daktari mpya, kijana mrefu mwenye simu kubwa. Alisema wodi si bweni, kila mkazi apimwe upya, aliye mzima aondoke hata kama ndugu hawajaja. Nilifurahi. Nilimnyoa Hamisi vizuri, nikamkata kucha, nikamtafutia sare yenye vifungo vyote.

Raundi ikafika kitandani kwake.

"Leo siku gani?" aliuliza dokta.

"Alhamisi. Maharage ya Ijumaa yameshalowekwa."

"Rais ni nani?"

Akamtaja.

"Nyumbani kwenu ni wapi?"

"Iguguno, wilaya ya Iramba."

Dokta alibonyeza simu. Sasa, mnajua wenyewe kwamba wilaya ya Iramba ilikuja kukatwa, kipande kikawa Mkalama, na Iguguno ikaangukia huko. Watu wake hawakusogea hata hatua moja. Hamisi alikuwa ndani kwetu wakati wanaikata, na hakuna aliyekuja kumwarifu.

"Iguguno iko Mkalama," alisema dokta.

"Mimi nilipoletwa ilikuwa Iramba."

"Kwa hiyo hujui kwenu ni wapi."

"Kwetu nakujua. Wilaya ndizo nyingi, dokta."

Muuguzi mmoja akacheka. Dokta hakucheka, aliandika. Kisha akauliza, "Na unajua kwa nini bado uko hapa?"

Hamisi alinitazama mimi kwanza, halafu Sista Veronika, halafu akasema ukweli. "Kaka yangu huwa analeta kuku."

"Kuku."

"Wawili kila mwaka. Wakiliwa, mimi nabaki."

Dokta aliandika kwa muda mrefu. Niliyaona maandishi baadaye nikipanga mafaili, nikayasoma polepole kama ninavyosoma kila kitu. Yalisema mgonjwa hatambui wilaya yake, na anaamini anazuiliwa hospitalini kwa nguvu ya kuku.

Sista Veronika alikuwa amesimama pale. Wauguzi walikuwapo. Mimi nilikuwapo na ndoo. Watu watano tuliokuwa tumekula kuku hao tulimsikia mtu akiandikiwa ugonjwa kwa kuwataja, na tukasogea kitanda kinachofuata.

Waliongeza sindano. Kwa miezi mingi mikono ya Hamisi ilitetemeka na mate yalimtoka, akawa anatembea kama aliyebeba gunia. Shabani alipokuja mwaka ule ilibidi ninyonyoe mimi. Nilichana ngozi, Sista akalalamika. Hiyo ndiyo adhabu pekee niliyowahi kupewa kwa jambo hili.

Dokta wa simu alihamishwa kabla hajamaliza vitanda. Sindano ikapunguzwa, mikono ya Hamisi ikatulia, na mambo yakarudi yalivyokuwa, maana yake kuku wakarudi kupikwa vizuri. Miaka mingine ikaenda hivyo. Kisha akaja Dokta Neema, mwanamke mdogo, mpole, ambaye alikuwa anawaamkia wagonjwa wazee shikamoo bila kufundishwa na mtu. Nilimwona Mzee Nkuwi usoni mwake, na nikaanza kuogopa, kwa sababu nilijua sasa sina kisingizio.

Raundi yake ya kwanza kwa Hamisi ilianza na siku na rais. Hapo akapita vizuri. Kisha, "Kwenu ni wapi, baba?"

"Iguguno, wilaya ya Mkalama." Alikuwa amejifunza. Alilisikia redioni mara nyingi.

Dokta Neema akafungua faili. "Hapa pameandikwa Iramba." Akafungua ukurasa mwingine. "Na hapa pameandikwa unaamini kaka yako anakuzuia hapa kwa kuku. Bado unaamini hivyo?"

Hamisi hakunitazama safari hii. Aliangalia mikono yake, iliyokuwa imetulia, na nadhani aliihurumia.

"Siamini tena, dokta," alisema. "Hakuna kuku."

Mtu mzima alikuwa analazimika kusema uongo ili aonekane mzima, na alikuwa anausema vizuri kwa sababu tulimfundisha kwa sindano. Nilisikia ndoo inagonga sakafu. Ni mimi niliyeiweka.

"Dokta," nilisema, "kuku ni kweli."

Wote waligeuka. Nilikuwa sijawahi kusema neno kwenye raundi tangu nianze kazi. Niliangalia vifungo vya koti lake na kuendelea, maana nilijua nikinyamaza nimekwisha. "Kuku ni kweli, ni wawili kila mwaka, na shingo nimekula mimi. Iguguno nayo ilikuwa Iramba, sasa ni Mkalama. Kijiji hakijahama na yeye hajachanganyikiwa. Aliyasema yote haya akachomwa sindano, na mimi nilikuwa nimesimama hapahapa."

Sista Veronika alisema taratibu, "Elia, miaka yote hii kumbe una mdomo?"

"Ninao, sista. Nilikuwa naulia shingo."

Dokta Neema hakugomba. Alimwuliza sista kama ni kweli, na sista, namsifu kwa hilo, alisema ni kweli. Kisha akamwuliza Hamisi anataka nini. Hamisi alijibu, "Nataka kupika mahali ambapo mimi ndiye nagawa." Dokta akaandika karatasi ya ruhusa. Kwa kuwa aliyemleta hakuaminika kuja, karatasi ilitaka Hamisi apelekwe mpaka kwao, apokelewe kwa sahihi ya ndugu na mhuri wa mwenyekiti wa kitongoji. "Na kwa kuwa umesema," Sista Veronika aliniambia, "utampeleka wewe."

Gari la hospitali lilikuwa juu ya matofali. Tulikwenda kwa basi. Hamisi alivaa suruali yangu, ikamfika juu ya viwiko vya miguu. Njia nzima alikuwa anasoma vibao vya hoteli na kuvikosoa.

Iguguno tuliingia mchana, msimu wa alizeti, magunia yamepangwa mpaka barabarani. Mashine ya Shabani ilikuwa inaunguruma juu ya kile kiwanja. Shabani alitoka amejaa mafuta mikononi, ndevu nyeupe. Nilimwamkia.

"Marahaba, Elia. Umemleta atembee?"

"Nimemleta akae."

Alimgeukia mdogo wake. Walisalimiana kwa Kinyiramba, kwa heshima, kama watu waliokutana msibani. Kisha Shabani akaita uani, "Mama Zaina, wakamate wale wawili." Mkewe akaja na mitetea miwili imefungwa miguu. Shabani akaniwekea mikononi.

"Mpelekee sista," alisema. "Mwambie nimemwona ndugu yangu, nimefurahi. Ila mimi naona bado anahitaji uangalizi."

Niwaambie ukweli. Mikono yangu iliwapokea. Nilikuwa nimezungumza mbele ya daktari, nimesafiri, nina karatasi mfukoni, lakini mtu mzima aliponipa kuku na sentensi ile, miguu yangu ilianza kugeukia barabara. Hivyo ndivyo mazoea yalivyo. Mimi niliyeonekana mzima ndiye niliyehitaji kushikwa.

Hamisi aliwachukua kuku mikononi mwangu, bila haraka, kama alivyozoea.

"Shemeji," alimwambia Mama Zaina, "maji ya moto yapo?"

"Yapo."

"Na kisu. Cha jikoni, si hicho cha kukatia kamba za magunia."

"Hamisi, unafanya nini?" aliuliza Shabani.

"Kazi yangu, kaka. Kila mwaka unawatuma, kila mwaka nawapika. Mwaka huu hawatasumbuka kusafiri."

Vijana wa mashine walizima mashine. Hamisi aliniambia nishike mabawa. Akasoma bismillah, akachinja, akaketi kwenye debe lililopinduliwa juu ya kiwanja chake, akaanza kunyonyoa. Shabani alibaki amesimama. Ungedhani yeye ndiye amefika ugenini.

Mwenyekiti wa kitongoji, mama mmoja mfupi wa maneno mengi, alisikia kuna mtu wa hospitali, akaja kutafuta gari. Hakukuta gari, alikuta harufu.

"Huyu si ndiye yule aliyekuwa kichaa?" aliniuliza, Hamisi akiwa hatua mbili kutoka kwake.

"Ndiye mimi, mama," alisema Hamisi akikoroga. "Kichaa kiliondoka mwaka uleule. Niliyechelewa ni mimi."

"Na kwa nini ulichelewa?"

"Muulize kaka. Alikuwa ananitumia chakula."

Watu wa magunia walianza kucheka, kwanza kidogo, halafu wote. Hakuna aliyeeleza lolote. Nadhani kila aliyekuwapo alikuwa amewaona kuku wakiondoka kila mwaka, na alikuwa na jibu lake tayari.

Shabani alikaa chini. "Na mashine?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mashine ni yako. Ardhi iliyo chini yake ni yangu. Ukiweza kuiinua, iinue." Hamisi akaonja chumvi. "Usipoweza, iache. Mimi nahitaji ile kona ya barabarani, meko matatu. Wanaoleta alizeti wakisubiri mafuta, watakula kwangu. Tutasumbuana hapa mpaka tuzeeke."

Mwenyekiti akasema yeye mhuri anao mkobani, lakini hawezi kupiga mhuri na njaa.

Ugali wa mtama uliletwa, na mlenda, na kuku wale wawili. Hamisi ndiye aliyegawa. Mapaja akampa mwenyekiti. Kidari akampa Mama Zaina na vijana wa mashine. Watu walisubiri firigisi itakwenda wapi. Alizichukua zote mbili, akaziweka kwenye sahani ya Shabani.

"Kula, kaka," alisema. "Umegharamika sana."

Shabani alizitazama muda mrefu. Alikula moja, na ilimchukua muda kuimeza. Kisha akaomba kalamu. Karatasi ile ipo kwenye faili mpaka leo, ina alama ya mafuta kwenye sahihi. Wakaguzi wamewahi kuuliza ni ya nini.

"Na wewe Elia," Hamisi aliniambia. Akaniwekea shingo.

Nilirudi wodini mikono mitupu. Sista Veronika aliniuliza tu kama amefika. Nikasema amefika. Wiki ile alitoa mafaili yote ya vitanda vya dirishani, akaanza kuyasoma upya yeye mwenyewe, jioni baada ya zamu, hata alipobakiza miezi michache kustaafu. Wawili walitoka kabla hajaondoka.

Kwa hiyo, ninyi wahudumu mnaoanza. Funguo zifungeni vitambaa. Dawa ikishamezwa ulizeni habari za kwao, na mkisikia jambo lisilo kwenye faili, lisemeni kwenye raundi, hata kama mnaangalia vifungo. Na ndugu akija na kuku, msiwe na kiburi, pokeeni. Halafu mpeni mgonjwa wake aondoke naye.

Nilistaafu mwaka huu. Sikuwaandikia watu barua, lakini wiki ya kwanza tu, nikiwa nimekaa barazani sijui nifanye nini na mikono yangu, Hamisi alishuka kwenye bodaboda, amenenepa, ana aproni iliyokaushwa na moshi. Mkononi alikuwa na tenga. Hakunisalimia. Alinipita, akamwendea mke wangu.

"Shikamoo mama. Nimewaletea shukrani, kazi mnayofanya ni kubwa," alisema. "Huyu mzee wenu amekaa wodini kuliko sisi wote. Mimi namjua. Naona bado anahitaji uangalizi."

"Kidogo?" aliuliza mke wangu, ambaye hadithi anaijua yote.

"Sana."

Alipika yeye, uani kwangu, akikosoa masufuria yetu. Sahani yangu ilipoletwa niliitafuta shingo kama nilivyozoea, nikaigeuza nyama yote, sikuiona. Nilipoinua macho, Hamisi ndiye aliyekuwa anaitafuna, taratibu, ananitazama usoni. Nami nikamtazama usoni. Ndipo nikaona kilichokuwa pembeni ya ugali wangu, firigisi mbili.